Kibaba cha Saa Moja

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba changu ni cha plastiki,
kimepigwa mistari ya milimita,
kimefungwa kwa waya kwenye nguzo ya uzio
upande ambao kivuli cha banda hakifiki.
Saa moja kamili asubuhi nakiinamia,
goti la kushoto likinung'unika,
jicho usawa wa maji, si juu, si chini:
mbili nukta nne.
Naandika. Namwaga. Narudi kwenye chai.

Hakuna anayenilipa.
Miaka thelathini na moja nilifungua na kufunga
kizuizi cha reli kwenye njia ya kwenda Plungė,
nikalipwa kwa kutazama saa.
Sasa naitazama bure,
na jirani yangu Kazimieras ananiuliza juu ya ua
kama mbingu imenipandisha cheo.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Mimi sipimi dalili.
Mawingu ya Julai yalipita hapa siku kumi na tisa,
meusi, yana makelele kama wageni wa harusi,
na kila asubuhi niliandika sifuri.
Kazimieras akacheka: unaandika kitu ambacho hakipo?
Nikamwambia, sifuri haimaanishi kwamba hakuna habari.
Sifuri ni mtu aliyetoka, akachungulia, akakuta pakavu.

Daftari lina safu nyingine:
barafu ya mto Minija ilipasuka lini,
betula wa kanisani alitoa lini jani la kwanza,
na korongo, yule wa nguzo ya umeme
mbele ya duka la mkate,
alitua lini kutoka kusini, kwenye joto ambako sijafika,
miguuni ana matope ya mito
nisiyoweza kuyatamka majina yake.

Sasa nikwambie jambo.
Mwaka ule kaka yangu Vytenis alipolazwa Klaipėda,
nililala siku sita kwenye kiti cha hospitali.
Mazoea yana taabu: nilihesabu hata matone ya dripu.
Niliporudi, korongo alikuwa kiotani,
kasimama mguu mmoja kana kwamba hakuwahi kuondoka.
Amefika lini? Nikauliza nyumba kwa nyumba.
"Si siku yake ni ishirini na tano Machi?"
akasema mwuza mkate, hata bila kugeuka.
Nikaandika ishirini na tano.
Mwandiko mzuri, wino wa buluu.
Na maji niliyoyakuta kibabani
nikayagawa mafungu sita sawasawa, kama urithi.

Juni akaja Ugnė,
binti anayekusanya madaftari yetu wilaya nzima,
raba zake zimelowa umande, mkono mmoja una kipande cha keki yangu.
Akapitisha kidole kwenye ukurasa, kikasimama.
"Bibi Danguolė, siku sita za mvua
zinafanana kama mayai ya trei moja?"

Nikakiri, na korongo nikamtaja mwenyewe.
Hakunifokea. Alipiga mstari mmoja, mwepesi,
maneno yangu yaendelee kusomeka chini yake.
"Pengo liache pengo," akasema.
"Pengo nalijua kulishughulikia.
Ila namba nadhifu ya uongo, nitaitambuaje?"
Kisha akamaliza keki yake.

Vytenis hakutoka Klaipėda.
Daftarini hana safu.
Zipo siku sita tu za Machi, zimekatwa,
na mbele ya kila moja neno moja: hakupima.
Atakayesoma miaka hamsini ijayo
labda atadhani mwandishi alikuwa mvivu.
Na adhani.

Leo: tatu nukta sita.
Upepo wa magharibi, ukungu mtoni.
Nguzo ya umeme tupu bado, Machi ishirini na nane.
Mwuza mkate anasema korongo amechelewa.
Mimi nimeandika tu kwamba sijamwona,
saa moja na dakika nne.
Goti.